Lugha ipi isomwe kwanza: kisa cha watoto wawili wanaofundishwa nyumbani, Kinyerezi

Boksi nililikuta mezani hata kabla sijakaribishwa maji. Mama mwenye nyumba alikuwa amelifungua na kuvipanga vitabu kwa urefu: kiongozi cha mwalimu, vitabu vya mazoezi, kadi za sauti zilizobanwa kwa raba, hadithi fupi kumi na mbili zenye jalada gumu, cha sarufi, cha tahajia, cha utungaji. Alilinunua kwa shilingi 380,000 kutoka kwa familia ya wageni waliokuwa wanafungasha kurudi kwao Marekani. Kwa mtaala wa aina ile, wa kufundishia Kiingereza nyumbani, ukiagiza mpya ukaulipia usafiri na ushuru, hiyo ni bei ya kuokota. Swali lake kwangu lilikuwa fupi.

"Mwalimu, nianzie kitabu cha ngapi?"

Nimefundisha Kiswahili na Kiingereza katika shule za msingi za Dar es Salaam kwa miaka 27, na tangu nistaafu huitwa majumbani kwa maswali ya namna hii. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya wazazi, bila majina, kwa sababu swali la yule mama ni la wazazi wengi na mara nyingi hujibiwa harakaharaka: anzia cha kwanza, au mpe jaribio lililo nyuma ya kitabu uone anaangukia wapi. Mimi nilimwambia sijui bado, anipe siku tatu na watoto. Niliona uso wake umeshuka. Alikuwa ametoa fedha nyingi, na alitaka kuanza Jumatatu.

Watoto ni wawili. Binti alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu katika shule ya mchepuo wa Kiingereza, na ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka 2024 siku alizokosa shule zilizidi alizohudhuria. Akitoka wodini hukaa nyumbani wiki nzima apate nguvu, na akirudi darasani anakuta wenzake wameshavuka mada mbili. Wazazi wakaamua asomee nyumbani mpaka hali itulie. Mdogo wake wa kiume, miaka mitano na nusu, naye wakamtoa shule ya awali ili mama awe na ratiba moja. Mama ni mhasibu, huandaa hesabu za maduka matatu ya Kariakoo akiwa nyumbani. Baba ni dereva wa lori la masafa marefu, na nusu ya mwezi yuko njia ya Tunduma. Bibi mzaa mama, mtu wa Pangani, anaishi nao, na ana nafasi kubwa katika kisa hiki.

Kabla ya vitabu niliuliza jambo moja: jina la binti liko kwenye rejista ya shule gani? Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe elimu ya msingi na ahudhurie. Mzazi wa Tanzania anayesema "mwanangu nimemtoa shule" bila kujipanga anajiweka pabaya, yeye na mtoto. Hapa mambo yalikuwa sawa. Wazazi walikwenda kwa mwalimu mkuu na barua ya daktari, wakakubaliana jina libaki, kazi zitumwe kwa simu, na mitihani aifanyie shuleni. Makubaliano hayo yaliamua nusu ya uchaguzi wa mtaala kabla sijagusa kadi hata moja. Mtoto ambaye jina lake liko shuleni atafanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne pamoja na wenzake, na Baraza la Mitihani halitamuuliza alisomea kwenye dawati au kwenye mkeka. Ukiangalia karatasi za Kiswahili za upimaji ule za miaka iliyopita, utakuta imla humo. Ndani ya boksi hapakuwa na neno la Kiswahili.

Siku ya kwanza nilimpa binti mojawapo ya zile hadithi fupi, ya ngazi ya tatu. Akaisoma. Alisoma vizuri kiasi kwamba mama yake, aliyekuwa jikoni akichambua mchicha, alikuja kusimama mlangoni. Matamshi safi, anapumzika penye nukta, hakwami popote. Nikamwomba afunge kitabu anisimulie kwa Kiswahili yaliyotokea. Akanitazama. Alijua kuna msichana na kuna mbwa. Hadithi ilihusu msichana anayezoa theluji mlangoni kwa jirani mzee ili apate pesa za kumnunulia mbwa wake mkanda wa shingoni. Neno la theluji alilitamka bila kosa kila lilipotokea. Nilipomuuliza maana yake, alisema nadhani ndilo jina la mbwa.

Siku ya pili nilimpa imla ya Kiswahili, sentensi kumi za kiwango cha darasa la pili. Aliandika "keetaboo" akikusudia kitabu, "shooka" akikusudia shuka, "meemee" akikusudia mimi, na "peekeepeekee" akikusudia pikipiki. Nilihesabu makosa 34. Mama aliliangalia lile daftari muda mrefu. "Kumbe hajui kabisa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejilaumu.

Nilimwonyesha kwa kidole. Kila sauti ya i imeandikwa kwa e mbili. Kila sauti ya u imeandikwa kwa o mbili. Hakuna mahali alipobahatisha. Hayo ni makosa ya mtoto mwenye kanuni, anayezifuata kwa uaminifu, ila kanuni zenyewe ni za Kiingereza na hakuna aliyemwambia kwamba Kiswahili kina zake. Mtoto asiyejua huandika ovyo: leo hivi, kesho vile. Mwalimu akishindwa kuzitofautisha hali hizi mbili atamrudisha huyu binti kwenye a e i o u kwa miezi sita, na atamvunja moyo bure.

Siku ya tatu sikushika kitabu. Nilimwomba anipe hadithi moja ya bibi. Akaanza "Paukwa!" nikaitikia "Pakawa," na kwa robo saa nzima alinisimulia sungura alivyomdanganya fisi kisimani, na wimbo wake, na sauti ya fisi akilia. Nilikuwa nasikiliza upatanisho wa kisarufi. Kibuyu kile kikapasuka, vipande vyake vikatawanyika. Maji yakamwagika yote. Ukuta ukaanguka. Hakupotoka hata ngeli moja, na hapa ni jiji ambalo watu wazima husema "vitabu hizi" na "gari yangu" bila kujali. Mama hakuona ajabu yoyote, kwa kuwa hayo ndiyo mazungumzo ya kila jioni nyumbani kwake.

Mdogo mtu hakuchukua muda. Alijua alfabeti kwa wimbo wa Kiingereza, ei, bii, sii. Nilipomwandikia "baba" alisoma "bii-ei-bii-ei", akasubiri nimpigie makofi.

Mwaka 1986 watafiti wa usomaji, Philip Gough na William Tunmer, walieleza jambo ambalo mama, kwa uhasibu wake, alilielewa upesi kuliko walimu wengi niliowahi kuwaeleza. Walisema kusoma kwa kuelewa ni zao la vitu viwili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe ikisemwa. Walimaanisha zao hasa, yaani kimoja mara kingine. Ukiwa na sifuri upande mmoja, ulichonacho upande wa pili hakikusaidii kitu. Binti huyu kwa Kiingereza alikuwa na utambuzi mkubwa na uelewa mdogo. Kwa Kiswahili alikuwa na uelewa mkubwa na utambuzi mdogo. Kwa hiyo hakuna lugha hata moja aliyokuwa akiisoma, ingawa mama alikuwa na haki ya kuamini kwamba anasoma mbili. Mama alichukua kalamu akaandika pande zote mbili nyuma ya daftari lake la mahesabu, akanyamaza.

Sasa tulitazame boksi kwa macho hayo. Limetungwa kwa mtoto aliyekisikia Kiingereza tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Anapofika miaka sita anajua maelfu ya maneno kwa sikio, na kazi ya mtaala ni kumwonyesha maneno hayo yanavyoandikwa. Ni kazi ngumu kwelikweli. Kiingereza kina herufi 26 kwa sauti zipatazo 44, sauti moja huandikwa kwa njia nne tano, na herufi moja hubadilika kwa kutegemea jirani yake. Ndiyo maana zile kadi zilikuwa zaidi ya 70. Nilizipitia moja moja, na kwa mwanafunzi aliyekusudiwa ni kazi ya watu wanaojua wanachofanya. Lakini ukimpa mtoto ambaye sikio lake halina Kiingereza, kadi zitamfundisha kutamka tu. Atapanda ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila jaribio lililo nyuma ya kitabu litamwambia mzazi kwamba mambo yanakwenda vizuri, kwa sababu majaribio yale hupima kile ambacho watunzi waliona ni kigumu kwa mtoto wa kwao. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa huyu binti shuleni, miaka mitatu, na hakuna aliyegundua.

Cambridge, kwa mfano, watoaji wa mitaala na mitihani wa Uingereza, katika masomo yao ya msingi wana muhtasari mmoja wa Kiingereza kwa mtoto ambaye ni lugha yake ya kwanza, na mwingine kwa ambaye ni lugha yake ya pili. Wanajua ni kazi mbili. Mitaala mingi ya kufundishia nyumbani inayotoka Marekani haina mlango huo wa pili, kwa kuwa wanunuzi wake wengi hawauhitaji. Mzazi wa hapa anayenunua mtaala wa lugha lazima aulize hilo kabla ya bei: hiki kimeandikwa kwa mtoto anayezungumza nini nyumbani?

Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake ileile popote utakapoikuta. Silabi karibu zote huishia kwa irabu. Mtoto akishapita ba be bi bo bu, akazoea m inayosimama peke yake kama katika mtu na mkate, kisha zile zinazobanana, mbwa, nywa, mchwa, na akatofautisha ng'ombe na ngoma, dhahabu na thelathini, amezimaliza kanuni. Haimaanishi amemaliza kusoma. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wanaoanza kusoma kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine 12 za Ulaya. Waliokuwa wakisoma lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, Kifini ikiwa mojawapo, waliyasoma maneno ya kawaida karibu bila makosa kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Wa Kiingereza walihitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kiswahili hakikuwamo katika utafiti huo, lakini kwa maandishi yake kinakaa benchi moja na Kifini. Ushahidi wa karibu zaidi uko Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE liligawa tableti kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 hivi vya mkoa ule, wengi wao hawajawahi kukanyaga darasa, na programu zilizokuwamo ziliwafundisha kusoma na kuandika kwa Kiswahili. Wapo waliofika kwenye kusoma bila mwalimu mbele yao. Maneno waliyokuwa wakiyaona kwenye kioo walikuwa wameshayasikia nyumbani kwao.

Jibu langu kwa mama likawa hili: mtoto mdogo aanze kusoma kwa Kiswahili tu, na boksi lisifunguliwe kwake mpaka asome sentensi. Dada yake ajifunze maandishi ya Kiswahili kama mtu mzima anayebadili mwandiko, upesi, kwa imla. Na Kiingereza chake nikashauri kisimamishwe muhula mzima.

Hilo la mwisho lilikuwa kosa langu. Aliyelisahihisha ni baba, kwa simu, akiwa foleni ya mpakani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, habari za njia?"

"Njema. Mama, nimeambiwa yote na nakushukuru. Kwa mdogo sina neno. Ila huyu binti naomba usimwondolee Kiingereza. Akiwa kitandani anaumwa, ndicho anachowasomea manesi. Wakimsifu anasahau sindano."

Nilikuwa nimepima lugha ya mtoto sikupima anachojivunia. Baba aliongeza jambo la pili, kwamba sekondari ni Kiingereza na muda hautamngoja mtoto anayekosa wiki kila mwezi. Hilo nilikuwa na jibu lake, lakini la kwanza sikuwa nalo, na sikulitafuta. Kiingereza kikabaki, kwa utaratibu mwingine.

Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania husomwa bure kwenye Maktaba Mtandao ya taasisi hiyo, na mama alivipitia vyote kwa jioni mbili kabla ya kununua vya karatasi vya darasa la kwanza, la pili na la tatu. Navitetea vitabu hivi kuliko vinavyotetewa mtaani. Mpangilio wa silabi ni mzuri, na mtoto anakutana na mhogo, jembe, bajaji na bahari, vitu anavyovijua. Udhaifu wake ni uchache wa matini. Hadithi ni fupi, na mara baada ya hadithi yanakuja maswali. Mtoto wa darasani huongezewa na mwalimu, na wa nyumbani anahitaji vitabu vingine vingi vya kusoma tu, visivyo na maswali. Kwa hiyo siku za kupeleka hesabu Kariakoo mama alianza kupitia Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967, kwenye sehemu ya watoto. Kwa simu alitumia hadithi za bure za African Storybook, ambazo nyingi zina toleo la Kiswahili.

Hapo tulihitaji mchujo, na bibi ndiye aliyechuja. Hadithi nyingine za mtandaoni zimetafsiriwa neno kwa neno, na nyingine zimeandikwa kwa Kiswahili kisicho na upatanisho. Mama alikuwa akizisoma kwa sauti wakati bibi anakuna nazi. Ikifika sentensi mbovu, mbuzi inanyamaza. "Hiki Kiswahili cha wapi?" Hadithi hiyo inaachwa. Bibi hajasoma zaidi ya darasa la nne la zamani, na sikupata mhariri bora kuliko yeye.

Sanduku la bibi pia lilikuwa na kanga zaidi ya thelathini. Jina la kanga limeandikwa kwa herufi kubwa, sentensi moja, na mtoto anaweza kuitandika sakafuni akaitembea kwa kidole. "Usisafirie nyota ya mwenzio" ina silabi karibu zote nyepesi na chache za kubanana. "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" ina m ya kusimama, ina dh, ina nd, ina mb, yote katika pumzi moja. Mdogo mtu aliisoma ile ya pili mwezi wa tatu wa masomo, akiwa amepiga magoti juu yake, na ilimchukua dakika kadhaa. Akishaisoma, bibi anampa kisa cha nani alimdhania nani.

Kwa binti tulikuwa na madaftari mawili, la bluu la Kiswahili na jekundu la Kiingereza, yasichanganywe kamwe. Ukutani tukabandika karatasi yenye safu mbili: sauti ya i, huku inaandikwa hivi, kule inaandikwa hivi, na irabu nyingine vivyo hivyo. Imla mara tatu kwa wiki, sentensi tano tu. Nilikataa zisizidi tano. Kosa likitokea anazunguka ukutani, anajisahihisha mwenyewe, anaendelea. Baada ya wiki tatu "meemee" ilikuwa imekwisha. Iliyochukua muda ni mipaka ya maneno, kwa sababu Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja, na yeye aliandika "ni me m wona" kama vile kila kipande ni neno la Kiingereza.

Kiingereza kikahamia jioni, na kikaanza na mdomo. Dakika ishirini mama na binti wanaongea Kiingereza juu ya kilichopo: sufuria, mvua, paka wa jirani. Ndipo hadithi ya boksi, lakini ya ngazi ya kwanza, siyo ya tatu. Kila ukurasa unasimuliwa kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923 na ambaye wazazi wengi wa Marekani wanaofundisha nyumbani humfuata hadi leo, aliweka masimulizi ya mtoto katikati ya masomo yote: msomee mara moja, akueleze kwa maneno yake. Kiongozi cha mwalimu ndani ya boksi kilikuwa na wazo hilohilo, kurasa mbili tu, mwishoni. Nilimwambia mama hizo kurasa mbili ndizo zilizostahili zile 380,000. Kadi za sauti tuliziacha kwa tahajia ya Kiingereza, tano kwa wiki. Kitabu cha sarufi na cha utungaji tulivifungia. Nukta, herufi kubwa na mtiririko wa aya alivipata kwenye daftari la bluu, katika lugha aliyokuwa na la kusema ndani yake.

Lililotusumbua kuliko yote halikuwa la lugha. Mtaala wa boksi umepangwa kwa wiki 36, siku tano kwa wiki, siku 180, kila siku na ukurasa wake na kiboksi cha kutia vema. Mtoto wa selimundu haishi kwa kalenda hiyo. Mwezi wetu wa kwanza maumivu ya mifupa yalimlaza siku nane. Aliporudi mezani alikuta viboksi vyeupe vya siku zote alizolala, kwa kuwa mama alikuwa ameendelea kuigeuza ile kalenda, akaanza kulia kabla hajashika kalamu. Tuliichana. Mama hakupenda, ni mtu wa tarehe. Mahali pake tukaweka foleni: kuna somo linalofuata, na litafuata siku utakayoweza, iwe kesho au baada ya wiki mbili. Tangu hapo, nikiulizwa na mzazi wa mtoto mwenye maradhi ya kudumu, jambo hili nalitanguliza hata mbele ya suala la lugha. Angalia kama mtaala unaweza kusimama na kuanza tena bila kumdai mtoto.

Siku mbaya zenyewe nazo hazikuwa tupu. Mtoto anayeumwa hashiki kalamu, ila anaweza kusikiliza, na akipata nafuu kidogo anaweza kutega kitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Yai. "Kuku wangu katagia miibani." Nanasi. Bibi alikaa kando ya kitanda akimnywesha mtoto maji, na usiku mmoja, mama aliniambia, binti alitunga cha kwake kuhusu dripu. Hicho sikiandiki, ni chake. Siku aliyopona alikiandika kwenye daftari la bluu bila kuambiwa na mtu.

Matokeo nayaeleza kama yalivyo. Tulianza Septemba 2024. Mdogo mtu alisoma ukurasa wa hadithi asioujua mwishoni mwa Januari, akipumua kwa nguvu kama aliyebeba ndoo. Alianza kadi za Kiingereza Aprili, na hakuwahi kuandika "meemee". Zile sentensi kumi za imla nilimrudishia dada yake Machi, bila kumwambia ni zilezile. Makosa yalikuwa matano, manne yakiwa ya kutenganisha maneno. Upimaji wa darasa la nne aliufanyia shuleni kwake Oktoba 2025, akiwa na chupa yake ya maji mezani, na Kiswahili ndilo somo alilolizungumzia kwa furaha njia nzima ya kurudi.

Kiingereza hakijakaa sawa. Sasa akisoma ukurasa wa ngazi ya pili anaeleza kilichotokea, na akifika neno asilolijua anasimama na kuuliza, jambo ambalo zamani hakulifanya kamwe. Lakini anasoma polepole kuliko alivyokuwa akisoma siku ile ya theluji. Shangazi mmoja aliyekuja kutembea alimsikia na kumwambia mama kwamba mtoto amerudi nyuma. Mama alinipigia simu usiku ule. Nilimweleza kwamba zamani mtoto alikuwa akipita juu ya maneno, sasa anaingia ndani yake, na kuingia kunachelewesha. Aliniuliza kutachelewesha mpaka lini, maana darasa la tano litakuja na sayansi kwa Kiingereza, kurasa nyingi. Sikuwa na tarehe ya kumpa. Tumekubaliana dakika ishirini za mazungumzo ziwe arobaini, na baba, akiwa nyumbani, azungumze naye Kiingereza chake cha njiani, kile cha madereva wa Zambia, chenye makosa yake na chenye uhai.

Kitabu cha utungaji cha boksi bado kimefungiwa kabatini. Mama anataka tukifungue mwezi ujao. Nimemwomba kwanza anitumie kurasa tatu za mwisho za daftari jekundu.